Msiionee Haya Baiskeli

Kuna jambo linanisumbua, na leo nitalisema waziwazi mbele ya vijana wa Kilosa, wa Ulaya na wa Mikumi, na mbele ya wazazi wao pia. Tumeanza kuionea haya baiskeli. Kijana akipata fedha kidogo ya ufuta, la kwanza ni simu kubwa, la pili ni pikipiki ya mkopo. Baiskeli ya baba inaegemezwa nyuma ya nyumba, tairi hazina upepo, kuku wanataga chini ya keria. Aliyebaki akinyonga baiskeli anahesabiwa kuwa maisha yamemshinda. Nami nasema hivi: tunapoiacha baiskeli hatuachi chombo cha safari tu. Tunaacha mahali ambapo mtu wa kawaida, asiye na shahada wala akiba benki, alikuwa akikutana na maajabu ya dunia kila siku bila kulipa kiingilio.

Ulaya ninayoitaja ni yetu, kata ya Wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro, iliyo kwenye barabara iendayo kusini kutoka Kilosa mjini hadi Mikumi. Safari yote haifiki kilomita 80. Ukielekea Mikumi, mkono wa kulia inakusindikiza milima ya Rubeho, sehemu ya Tao la Mashariki ambalo wataalamu wa mimea na wanyama huvuka bahari kuja kulichunguza. Mkono wa kushoto, mbele zaidi, ndiko iliko Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, yenye kilomita za mraba 3,230. Katikati kuna mashamba ya mahindi, mpunga na ufuta, bonde la Mto Miyombo, misitu, vijiji, na wilaya hiyohiyo inakatizwa na tawi la reli liendalo Kidatu. Mtalii hulipa dola nyingi aione nchi hii kwa siku mbili. Mwenyeji amezaliwa ndani yake, na siku hizi anaipita ameinamisha kichwa kwenye kioo cha simu.

Kila mwendo una macho yake. Anayetembea kwa miguu huona mengi, lakini jua linamchwea kabla hajafika mbali. Aliye ndani ya basi anafika mbali, lakini haoni. Vumbi limejaa dirishani, na mbele yake imewashwa runinga inayoonyesha filamu. Dereva wa pikipiki hawezi kutazama pembeni, maana shimo moja linatosha kumtupa, na mngurumo wa injini yake umewafukuza ndege kabla hajawafikia. Mwendesha baiskeli yuko mahali pa pekee kati ya hao wote. Anakwenda kilomita 12 au 15 kwa saa, mwendo unaoweza kumtoa kijijini kwake na kumfikisha wilaya nyingine kabla ya jioni, na bado akausikia mto kabla hajauona, akanusa moshi wa tanuri la mkaa, akasalimiana na mzee aliye kibarazani na kusikia jibu la salamu yake mpaka mwisho.

Chukua msitu wenyewe. Mwezi wa tisa, jua likiwa kali, ardhi imepasuka na mbinguni hakuna hata wingu, miti ya miyombo hufanya jambo ambalo akili haitarajii: inachipua. Na majani hayo mapya hayatoki kijani. Yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine rangi ya waridi, mlima mzima, kisha taratibu yanageuka kijani mvua inapokaribia. Mti huo hauingoji mvua uanze kazi. Unatumia akiba ya maji ya ndani yake na ya mizizi yake, na mvua inapofika inaukuta tayari umevaa. Ni watu wangapi wa Kilosa waliokwisha kusimama wakalitazama jambo hili? Yeyote aliyekuwa akinyonga baiskeli kwenda mnadani mwezi huo alilijua, hata kama hakuwahi kumweleza mtu. Msimu uo huo mbayuwayu wanaanza kuwasili, ndege wadogo wasiozidi uzito wa barua, waliovuka Jangwa la Sahara kutoka kwa Wazungu ili waje kukamata wadudu juu ya mashamba yetu. Watakaa nasi mpaka masika, halafu watarudi kule kutaga.

Au chukua mkaa, biashara ambayo wengi wanaidhani ni ya uharibifu tu. Mwaka 2012 ulianzishwa wilayani Kilosa mpango wa mkaa endelevu, ukiendeshwa na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na mtandao wa jamii uitwao MJUMITA, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Ulaya Mbuyuni na Ulaya Kibaoni ni miongoni mwa vijiji vilivyoingia. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake na kuigawa katika vipande vya mita 50 kwa 50 vinavyopishana kama ubao wa drafti: hiki kinavunwa, kinachopakana nacho kinaachwa. Visiki having'olewi. Vinachipua vyenyewe, na hesabu ya mpango ni kwamba kipande kilichovunwa kitapumzika miaka 24 kabla ya shoka kurudi. Ushuru wa mkaa huo unaingia katika mfuko wa kijiji. Sasa nenda ukapite pale kwa gari, utaniambia umeona vichaka. Pita kwa baiskeli, na utaona kipande kilichokatwa juzi, cha pili chenye machipukizi yafikayo kiunoni, cha tatu ambacho kinakaribia kuwa msitu tena, na kwa mara ya kwanza utaelewa miaka ikoje ikisimama mbele yako.

Lakini ajabu haiko nje tu. Iko hata chini ya makalio ya mwendeshaji. Baiskeli tunayoijua, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilikamilika Uingereza mwaka 1885 kwa mkono wa John Kemp Starley. Miaka michache baadaye, mjini Belfast, daktari wa mifugo John Boyd Dunlop akaifungia tairi za upepo baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo umbo la baiskeli halijabadilika sana. Ukimleta fundi wa zama zile leo chini ya mwembe pale Kilosa, atakaa kwenye kibao, ataomba spana, na kazi itaendelea.

Na bado, kwa nini baiskeli haianguki? Usicheke. Swali hili limewatoa jasho wenye akili kubwa. Mwaka 1899 Mwingereza Francis Whipple aliandika hesabu zake, na wengine wengi wakamfuata. Kwa muda mrefu walimu walieleza kwamba gurudumu linalozunguka ndilo linaloishikilia, au kwamba siri iko katika gurudumu la mbele kugusa ardhi nyuma kidogo ya mstari wa usukani. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani wakachapisha katika jarida la Science habari za baiskeli waliyoiunda makusudi, ambayo sababu zote hizo mbili zimeondolewa. Walipoisukuma ikaenda yenyewe bila kuanguka. Maana yake ni kwamba kitu ambacho mtoto wa miaka minane wa Zombo, hukuhuku Kilosa, anakiendesha kwa kupitisha mguu mmoja chini ya fremu, kwa kuwa kitini hafiki, kina siri ambayo wakubwa wa dunia bado wanaijadili.

Kuna jingine. Mwendeshaji anayetaka kukata kona kulia, mikono yake kwanza huusogeza usukani kidogo kushoto. Bila kufanya hivyo baiskeli haiwezi kulala upande wa kulia. Hakuna mwendeshaji aliyefundishwa hivyo, na wengi wataapa kwamba hawafanyi. Wanafanya. Mwili umejifunza jambo ambalo ulimi haulijui. Nakiri kwamba kila ninapolifikiri hili natetemeka kidogo kwa furaha, maana linaniambia kwamba ndani ya mtu wa kawaida kuna maarifa ambayo hakuna aliyeyatia kwenye cheti.

Mwaka 1973 msomi wa Oxford, S. S. Wilson, aliandika katika jarida la Scientific American akilinganisha viumbe na mashine kwa kipimo kimoja: ni nguvu kiasi gani zinatumika kuusogeza uzito fulani kwa umbali fulani. Mtu aliye juu ya baiskeli akashika nafasi ya kwanza. Akampita farasi, akampita samaki aina ya samoni, akaipita ndege ya jeti. Kwa miguu mtu huyo si wa ajabu hata kidogo. Mpe mnyororo na magurudumu mawili, na bila tone la petroli anakuwa msafiri asiye na mfano.

Sasa nigeuke upande wa simu, na nisisikike vibaya. Sisemi simu itupwe mtoni. Kwa simu mkulima wa Ulaya anajua bei ya ufuta kabla dalali hajamdanganya, mama anapokea fedha ya mwanawe aliye Dar es Salaam, na mgonjwa anaitiwa gari usiku. Mtu anayezikana baraka hizo amesahau tulikotoka. Tena baiskeli yenyewe ni teknolojia, na siku zake ilipofika iliwashtua watu kuliko simu ilivyotushtua sisi. Ugomvi wangu hauhusu chuma wala umeme. Nauliza chombo kinakufanyia nini wewe. Baiskeli inazichukua nguvu zako, inazizidisha, inakurudishia, na macho yako inakuachia mwenyewe. Mitandao ya kijamii imejengwa juu ya msingi tofauti: macho yako ndiyo bidhaa. Kila dakika unayoinama inauzwa kwa mwenye tangazo, na hivyo wamiliki wake wana kila sababu ya kuhakikisha huinuki.

Haya si maneno ya mzee anayelalamika. Mwaka 2006 kijana wa Marekani, Aza Raskin, alibuni namna ya kuzifanya kurasa zishuke bila mwisho, kidole kikivuta na habari nyingine ikitokea, daima. Baadaye yeye mwenyewe amejitokeza hadharani kueleza majuto yake. Mwaka 2009 Facebook ikaleta kitufe cha kupenda, na tangu siku hiyo vijana wanahesabu thamani yao kwa vidole gumba vya watu wasiowajua. Barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ina mwisho. Ukifika umefika, unashuka, miguu inauma, unakunywa maji, na moyo unajua kwamba kuna kazi imekwisha. Kule kwenye simu hakuna mahali pa kushuka. Ndiyo maana kijana analala saa nane za usiku amechoka, na asubuhi hawezi kukwambia alitazama nini.

Utaniambia: lakini mtandaoni kuna maajabu mengi kuliko Ulaya! Kweli. Katika nusu saa kijana anaona nyangumi akiruka, volkano ikitapika, mtu akitembea juu ya kamba kati ya maghorofa, mtoto wa China akipiga hesabu kwa vidole. Yote hayo ni ya ajabu. Ila mtazame uso wake. Haubadiliki. Kidole kinavuta, nyangumi ameondoka, na kijana hajapumua tofauti hata mara moja. Ajabu iliyoletwa bila mwili kuhangaika, bila kungoja, na bila hatari ya kutoiona kabisa, haina pa kushika ndani ya mtu. Siku atakapokutana na twiga halisi pembezoni mwa Mikumi, atanyanyua simu, atapiga picha, atatafuta mtandao, na twiga atakuwa amekwenda zake. Najua ninachokisema, kwa kuwa nimewaona watu wakifanya hivyohivyo, watu wazima, wenye watoto.

Hata waendesha baiskeli hawajasalimika. Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wapo ndugu zetu wanaopanda baiskeli za mamilioni, na nawapongeza kwa jasho lao. Lakini wengi wao wamefunga kifaa kwenye usukani, na macho hayatoki kwenye tarakimu: mwendo, mapigo ya moyo, nani amenipita leo kwenye programu ya Strava. Safari isiyorekodiwa wanaiona haikufanyika. Ndugu zangu, mmeukimbia utumwa wa ofisini mkaubeba juu ya usukani. Kizimeni mara moja kwa wiki. Kilima kitakuwa kilekile, na mtakipanda kwa mapafu yaleyale.

Sasa niwajibu wenye hoja nzito zaidi. Wanasema baiskeli ni alama ya umaskini, na kwamba anayeisifu ni mtu asiyelazimika kuitegemea. Hoja hii naiheshimu. Mtu anayesukuma magunia ya mkaa kukipanda kilima, amefunga kijiti kwenye usukani ili apate pa kushika, jasho linamwingia machoni, hana nafasi ya kusifu majani mekundu, na mimi sina haki ya kumhubiria. Anachohitaji ni bei nzuri ya mkaa wake na barabara isiyo na mashimo. Lakini mwulizeni mtu huyo kuhusu njia anayopita. Atawaambia tembo walikatiza wapi usiku wa kuamkia leo, mti gani una nyuki, kisima gani kimekauka, daraja gani litabebwa na mvua zijazo. Anaijua nchi kuliko ramani yoyote ya serikali. Kinachomwumiza kwa upande wa heshima si baiskeli yake. Ni jicho letu tunapompita.

Na jicho hilo halina historia. Katika miaka ya 1950 wanachama wa TANU walizunguka vijijini kwa baiskeli wakiuza kadi na kueleza habari za uhuru, kwa sababu kwenye njia nyingi hapakuwa na gari la kuwafikisha. Mwalimu, katekista, tabibu wa zahanati na bwana shamba, wote walijulikana kwa mlio wa kengele zao. Mke wa mwenye baiskeli aina ya Raleigh alijulikana kijiji kizima. Baadaye tukawa na baiskeli zetu wenyewe, Swala, zilizotengenezwa Dar es Salaam. Katika miji ya Shinyanga na Tabora baiskeli zimebeba abiria kwa miaka na kusomesha watoto. Watu hao hawakuwa wameshindwa maisha. Walikuwa wakiyajenga.

Lakini kwa kuwa nataka kusema kweli yote, sitaki mtu yeyote aichukue baiskeli kuwa malaika. Tairi ya Dunlop ilihitaji mpira, na dunia ilipoanza kuitamani baiskeli, sehemu ya mpira huo ilitoka Kongo, wakati nchi ile ilipokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Wanakijiji waliposhindwa kutimiza kiasi walichopangiwa, waliuawa, wengine wakakatwa mikono. Dunia ilipiga kelele mpaka Leopold akanyang'anywa nchi hiyo mwaka 1908. Leo koltani ya simu zetu inachimbwa Rubaya huko Masisi, kobalti ya betri inachimbwa Kolwezi, na watu wa nchi ileile bado wanalipa kwa damu na mapafu. Nayasema haya ili tusione haya kwa mambo madogo na kuyaacha makubwa. Ukiwa na chombo mkononi, jua kimetoka wapi. Huo nao ni mwanzo wa kustaajabu, wa aina nyingine, aina inayomfanya mtu akose usingizi.

Na watu walewale wa Kongo, upande wa Kivu, ndio waliotufundisha jinsi ya kutosubiri kiwanda. Goma wanachonga chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, inayobeba viazi, makaa na mbao kwa mamia ya kilo kuteremka milima. Mji wao umeisimamishia sanamu katikati ya barabara, ya dhahabu kwa rangi. Mtu anayesukuma chukudu anapita mbele ya sanamu ya kazi yake mwenyewe. Sisi tungemsimamishia nani?

Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kufika Afrika tangu yaanze mwaka 1921. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio kubwa ya wanaume, na milima ya Rwanda iliwafanya mabingwa wengi waache njiani. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za Tour de France na kurudi nyumbani na jezi ya kijani, jambo ambalo hakuna Mwafrika mweusi aliyelifanya kabla yake. Vijana wetu waliziona habari hizo kwenye simu zao, wakapenda, wakavuta chini. Laiti mmoja kati yao angekwenda nyuma ya nyumba na kujaza tairi upepo.

Wasichana nawataja peke yao, kwa kuwa juu yao tumekosea zaidi. Pwani na bara, bado wapo wazee wanaosema msichana juu ya baiskeli amekosa adabu. Msichana huyohuyo anatembea kwa miguu saa nzima kwenda shule ya sekondari, anafika amechoka, anarudi giza likiingia, njiani anakutana na wanaomwahidi lifti ya pikipiki, na sote tunajua lifti hizo zimewaishia wapi wengi wao. Mzazi, baiskeli yenye keria imara ni ulinzi kwa binti yako kuliko maneno makali ya jioni. Na akiwa juu yake, mwache aende siku moja mahali ambapo hakutumwa. Asitumwe maji, asitumwe kusaga, asitumwe kwa shangazi. Aende aone kilicho nyuma ya kilima, arudi asimulie. Wavulana tuliwaruhusu kufanya hivyo bila hata kufikiri, na ndiyo sababu mpaka leo ni wao tu wanaokumbuka utoto wao kwa njia walizopita.

Walimu, mnaweza kulifanya hili kuwa somo bila kungoja mtaala. Mpeni mwanafunzi baiskeli na daftari, aende kilomita tano, arudi na vitu vitatu ambavyo hakuna mwingine darasani amevileta. Mtashangaa. Atawaletea ukubwa wa kichuguu, wimbo wa ndege asiyemjua jina, au habari ya bibi anayeukumbuka msitu ulipoanzia miaka 40 iliyopita. Na mnapofundisha fizikia, igeuzeni baiskeli miguu juu uani, zungusheni gurudumu, mhesabu meno ya mbele na ya nyuma. Ni maabara inayopatikana hapohapo kijijini.

Kwa wahandisi na madiwani nina ombi moja tu, ila nalisisitiza. Lami iliyotoka Dumila kuja Kilosa itakapoendelea mpaka Ulaya na Mikumi, acheni pembeni mwake njia ya baiskeli, pana, ya kweli, si mstari uliopakwa rangi ambao malori yataegeshwa juu yake. Tumeona kwingine: lami inapita, magari yanaongeza mwendo, na mwendesha baiskeli anasukumwa mtaroni. Barabara inayomwua mbeba mkaa ili basi liwahi dakika kumi haijaleta maendeleo Ulaya. Njia hiyo itagharimu kidogo ikijengwa pamoja na barabara, na itagharimu sana ikikumbukwa baada ya mazishi.

Nawe kijana, usiningoje mimi wala diwani. Itoe baiskeli nyuma ya nyumba. Peleka kwa fundi, abadilishe spoki zilizovunjika, akaze breki, atie grisi kwenye beringi. Ngoja mwisho wa Septemba, majani yakiwa mekundu. Toka Kilosa jua likiwa limekwisha kuchomoza, na mwenzio mmoja au wawili. Upande wa karibu na Mikumi usipite alfajiri wala magharibi, kwani tembo hawana ratiba. Na ile barabara kuu ikatizayo hifadhini, kilomita 50 za mabasi, malori na wanyama wakali, simshauri mtu kuiendesha kwa baiskeli kabisa. Simu ichukue, maana dharura zipo, lakini iweke ndani ya mfuko, data ukiwa umeizima, na picha piga moja tu ukifika. Chukua maji zaidi ya unavyodhani utahitaji, pampu, viraka na solusheni, kwa sababu huwezi kutegemea kumkuta fundi kila penye pancha. Ukifika Ulaya pumzika, kula chakula cha mama lishe, uliza njia hata kama unaijua, halafu endelea.